Ramani ya Kuchezea: Nchi ya Wakelti Ikitazamwa kutoka Vitshumbi

Ramani ya mchezo wa mkakati ni chombo cha kuamulia. Mchezaji huitupia jicho mara nyingi kwa jioni moja, na kila mara anataka jibu papo hapo: eneo hili ni la nani, kutoka hapa panafikika wapi, na mwenye kulishika anapata nini. Ramani ya msafiri yaweza kusomwa taratibu, kidole kikifuata barabara. Ya mchezo husomwa kichwa kimeinama juu ya meza, mmoja akihimiza zamu yake, mwingine akipiga soga makusudi ili kumpoteza mwenzake. Mchoro unaomfanya mtu aulize kama mstari fulani ni mto au ni mpaka umeshindwa kazi, hata kama unafaa kutundikwa ukutani.

Watu wa pwani walilimaliza tatizo hili zamani, tena bila karatasi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Kila upande una shimo moja, nyumba, ambalo huchongwa la mraba ilhali mengine ni ya mviringo. Hakuna neno lililoandikwa popote. Aliyekaa upande wa pili, akiliona bao juu chini, bado anajua nyumba ya mpinzani iko wapi, kwa sababu umbo limekwisha kusema. Mafundi hunakshi ukingo wa bao watakavyo, lakini nakshi haithubutu kuingia mashimoni.

Mfano ulio karibu kwa msomaji wa Kivu ni Ziwa Edward, likitazamwa kutoka Vitshumbi. Hiki ni kijiji cha wavuvi kilicho ufuoni kusini, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na mtu wa Goma hukifikia kwa kupitia Rutshuru na Rwindi. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 2,300, sehemu kubwa zaidi ikiwa Kongo na iliyobaki Uganda. Upande wa magharibi milima ya Mitumba inashuka kwa ghafla, na kina kinazidi mita 110 si mbali na ufuo. Upande wa mashariki maji ni ya kina kifupi. Mito ya Rutshuru na Rwindi huingilia kusini, na Semliki hutokea kaskazini, Ishango, kwenda Ziwa Albert na hatimaye Nile.

Mvuvi wa Vitshumbi hana haja ya kuyaandika hayo. Ramani aliyonayo kichwani ina vitu vichache, na kila kimoja kina sababu ya kuwamo: midomo ya mito, sehemu ambazo samaki huzaliana na uvuvi umekatazwa, vijiji vingine viwili vinavyoruhusiwa kuvua upande wa Kongo, yaani Nyakakoma kusini-mashariki na Kyavinyonge kaskazini-magharibi, na juu ya yote mpaka. Mpaka huo unakata maji kutoka mdomo wa mto Ishasha hadi mdomo wa mto Lubilia, na hauonekani. Hapana mti, hapana jiwe, maji ni yale yale. Wavuvi wa Kongo wamekamatwa mara kwa mara kwa kuambiwa wameuvuka, na mwezi Julai 2018 wanamaji wa nchi hizo mbili walifyatuliana risasi ziwani, watu wakafa. Mezani mpaka usioonekana hauui mtu, lakini huua mchezo: wachezaji wawili wanaanza kubishana kama mtumbwi uko ndani au nje, na aliyechora hayupo kuamua.

Hapo ndipo wachoraji wengi wanaoanza hukosea. Wanagawa nchi kavu kwa uangalifu, kisha wanayaacha maji yakiwa bluu tupu, kana kwamba ziwa ni nafasi iliyobaki baada ya kazi kwisha. Katika mchezo wenye mitumbwi maji ni barabara, na barabara inahitaji vituo. Ziwa Edward likichorwa kwa kuchezewa lingegawanywa kanda nne au tano zenye majina, mipaka yake ikiwa ya vistari vilivyokatika ili isifanane na ya nchi kavu, na kila kijiji kingegusa kanda moja tu, au mbili ambazo hakuna awezaye kuzibishia. Vitshumbi ikikaa juu ya kona ambapo kanda tatu zinakutana, kila safari ya kutoka bandarini italeta ugomvi. Kuisogeza nusu sentimita kunatosha.

Kipo pia kishawishi cha kuchora kila kinachopendeza. Vitshumbi ina marabu, wale korongo wakubwa wenye upara, wanaotembea kati ya mitumbwi na nyumba kama wazee wa baraza wakingojea matumbo ya samaki. Ina wari, ina viboko. Mchoraji mwenye mkono mwepesi atataka kuwatia wote. Swali la kumuuliza ni moja: je, kuna kanuni ya mchezo inayomtaja kiboko? Kama ipo, kwa mfano kwamba mtumbwi hauwezi kulala mdomoni mwa mto wenye viboko, basi kiboko achorwe pale, mmoja, mkubwa, kwa umbo lile lile kila anapotokea. Kama haipo, nafasi yake ni kwenye pambizo. Mnyama aliyechorwa katikati ya eneo kwa urembo tu humfanya mchezaji adhani ana maana, na jioni nzima atakuwa akimtafutia kanuni katika kijitabu.

Majina nayo yana fitina zake, na historia ya ziwa hili ni somo tosha. Mpelelezi Samuel Baker alipofika ziwa la kaskazini mwaka 1864 alisikia likiitwa Luta Nzige, akalipa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria. Mpelelezi Henry Morton Stanley baadaye alitumia jina la namna hiyo hiyo, Muta Nzige, kwa ziwa la kusini, hata ramani za wakati ule zikawa na maziwa mawili yenye jina karibu moja. Mwaka 1889 akaliita la kusini Albert Edward, kwa heshima ya mtoto wa yule Albert wa kwanza. Kwa hiyo waliokimbia mkanganyiko wa nzige wakaangukia mkanganyiko wa baba na mwana, mpaka neno Albert lilipodondoshwa. Kisha mwaka 1973 ziwa likabandikwa jina la Idi Amin Dada, ambalo halikudumu baada ya mwenyewe kupinduliwa mwaka 1979.

Funzo kwa mchoraji si la siasa bali la jicho. Msomaji mwenye haraka hasomi neno zima. Hushika herufi za mwanzo na urefu wake, mengine akayakisia. Rutshuru na Rwindi zinaanza kwa herufi moja na zinaishia ufuo mmoja. Bwito na Bwisha, tawala mbili za kichifu za eneo la Rutshuru, zinatofautiana baada ya herufi ya tatu. Mwenyeji hawezi kuzichanganya, ila mgeni atazichanganya kila zamu. Majina ya kihistoria hayabadilishwi ovyo, kwa hiyo dawa ni kuyaweka mbali, au kuyapa alama tofauti kando yake, au kuchagua jina la mlima au la mji badala ya la eneo zima.

Katika ramani ya Wakelti, yaani ya mchezo unaotokea Ayalandi ya kale, tatizo hilo ni kubwa mara tatu. Katika Kiayalandi neno *dún* ni ngome, *ráth* ni boma la udongo, *loch* ni ziwa, *áth* ni kivuko cha miguu mtoni. Nusu ya majina ya ramani yataanza kwa mojawapo ya maneno hayo, kama vile ramani ya Kiswahili ingeandika "mto" mbele ya kila mto na "kijiji" mbele ya kila kijiji. Suluhisho zuri ni kuligeuza neno la jumla kuwa picha: badala ya kuandika Dún Ailinne kwa ukamilifu, inachorwa alama ya ngome na kuandikwa Ailinne. Mchezaji asiyejua neno la Kiayalandi anasoma ngome kwa jicho, na maandishi yanapungua kwa theluthi. Alama za juu ya vokali zibaki, kwani kuziondoa ni kuandika jina la watu vibaya. Lakini herufi zenyewe ziwe za kawaida. Zile herufi za mviringo zinazoiga hati za watawa hupendeza kwenye kifuniko cha sanduku, na huishia hapo.

Orodha ya kale zaidi iliyosalia ya mahali pa Ayalandi na vipimo vyake iliandikwa na yule yule aliyeandika habari za huku. Klaudio Ptolemaio wa Aleksandria, katika karne ya 2 baada ya Kristo, alitaja midomo ya mito na makabila ya Ayalandi, akataja bandari ya Rhapta kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na akaeleza kwamba Nile inatoka katika maziwa yanayolishwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Wengi wameihusisha milima hiyo na Rwenzori, inayosimama kaskazini mwa Ziwa Edward. Ramani zilizochorwa kutokana na vipimo vyake zina kasoro moja mashuhuri: Uskoti umepinda na kulala kuelekea mashariki, kama kichwa cha mtu aliyesinzia. Hata hivyo mpangilio wa mito na watu waliopakana nao bado unafuatika. Kwa mchezo hilo ndilo la maana. Umbo la nchi likipinda hakuna anayeumia. Ujirani ukipinda, mchezo umeharibika. Harry Beck alilifanya jambo hilo kwa makusudi alipochora ramani ya treni za chini ya ardhi za London, iliyotolewa mwaka 1933: alinyoosha mistari, akafupisha masafa ya pembeni na kupanua katikati, na abiria wakaipokea, maana walichotaka ni kujua kituo kinachofuata.

Ujirani ndio unaoifanya Ayalandi ya kale iwe nchi ya kuvutia kuchora, na yenye mtego. Neno la Kiayalandi la jimbo, *cúige*, maana yake ni sehemu ya tano, ingawa majimbo ya leo ni manne. La tano, Midhe, yaani "katikati", lilimezwa. Mengine ni Ulaidh kaskazini, Connachta magharibi, Mumhain kusini na Laighin mashariki. Masimulizi yanasema majimbo yalikutana kwenye kilima cha Uisneach, penye jiwe kubwa liitwalo Ail na Míreann, jiwe la mgawanyo. Kwa mshairi hiyo ni picha isiyo na kifani. Kwa mchora ramani ya mchezo ni balaa.

Sababu yake yaweza kuonekana hapa hapa Virunga. Kwenye kilele cha Sabyinyo zinakutana Kongo, Rwanda na Uganda. Nchi tatu zikikutana kwenye nukta moja hakuna utata: kila moja inapakana na zote mbili kwa mstari ulio wazi. Maeneo manne yakikutana kwenye nukta, yale yanayoelekeana kwa kona yamegusana au hayajagusana? Jeshi linaweza kupita kwenye kona? Kusini mwa Afrika swali hilo si la mchezo. Huko Kazungula, ambako Zambia, Botswana, Namibia na Zimbabwe zinakaribiana, Zambia na Botswana zina mpaka wa pamoja wa mita zipatazo 150 tu mtoni, na daraja lililofunguliwa mwaka 2021 lilijengwa kwa kupinda ili lisiingie Zimbabwe. Mita 150 zilitosha kwa daraja. Kwenye ubao, mpaka wa milimita mbili hautoshi kitu.

Kwa hiyo sheria ya kazi ni kwamba nukta moja isikutanishe maeneo zaidi ya matatu, na mpaka wa pamoja usiwe mfupi kuliko upana wa kipande kimoja cha mchezo. Kuhusu Uisneach, historia yenyewe inatoa dawa: nukta ipanuliwe iwe eneo. Midhe ichorwe kubwa kuliko ilivyokuwa, iguse majimbo yote manne, na jiwe liwe alama katikati yake. Mwenye kuishika anaweza kwenda popote, na anaweza kuvamiwa kutoka popote. Hapo jiografia imekuwa kanuni bila neno moja la maelezo.

Kabla ya kuchora hata ufuo mmoja, mchoraji mzoefu huchukua karatasi na kuweka nukta kwa kila eneo, kisha mstari kwa kila njia. Mchoro huo hauna sura ya nchi, ila unaonyesha mifupa. Eneo lenye jirani mmoja ni kibanda cha kujifichia; lenye jirani saba halilindiki. Mfano unaojulikana zaidi ni Risk, mchezo uliobuniwa na Albert Lamorisse na kutolewa Ufaransa mwaka 1957, wenye maeneo 42. Australia humo ina mlango mmoja tu na hulipa askari wawili kila zamu. Afrika ina maeneo sita, hulipa watatu, na huingiliwa kupitia Afrika Kaskazini, Misri na Afrika Mashariki. Mgeni hugundua tofauti hiyo katika mchezo wake wa kwanza, kwa kawaida akiwa ameshapoteza Afrika. Katika toleo la kuadhimisha miaka 40 ya mchezo huo mpaka kati ya Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati ulikosekana. Lilikuwa kosa la uchapishaji, nalo likarekebishwa baadaye. Lakini mstari mmoja ulioruka ulibadilisha thamani ya bara zima.

Mito hufanya kazi ya kuta, na vivuko hufanya kazi ya milango. Masimulizi ya *Táin Bó Cúailnge*, ambamo malkia Medb wa Connachta anakwenda Ulaidh kumtwaa fahali, yamejaa mapigano kwenye vivuko, na jina la Kiayalandi la mji mkuu Dublin, Baile Átha Cliath, limebeba neno kivuko hadi leo. Mchezo unaotaka kuwa wa Wakelti kwa kweli uanzie hapo: ng'ombe ndio mali, mali ina miguu, na haivuki mto ila pale panapovukika. Msomaji wa Kivu, ambako ng'ombe amewahi kuwa mahari na faini, hahitaji kuelezwa. Kwa mchoro, mto ulio mpaka uchorwe mnene, wa bluu iliyokolea, na kivuko kiwe pengo lenye mawe mawili. Mto unaopita katikati ya eneo moja usichorwe kabisa. Sharti hili linauma, hasa kwa anayeupenda mto Shannon wa Ayalandi kama wengine wanavyoipenda Semliki, lakini mto katikati ya eneo husomwa kuwa mpaka, na mchezaji atahesabu maeneo mawili mahali penye moja.

Kuhusu rangi, kijana aitwaye Francis Guthrie aliona mwaka 1852, akipaka ramani ya kaunti za Uingereza, kwamba rangi nne zilimtosha bila majirani wawili kufanana. Baadaye alikwenda kuwa profesa Cape Town, na dai lake likathibitishwa mwaka 1976 na wanahisabati Appel na Haken kwa msaada wa kompyuta. Hesabu hiyo ni nzuri, ila mchoraji wa mchezo asijidanganye kwamba imemaliza kazi yake. Rangi za nchi zitakaa chini ya rangi za vipande, na zote mbili zikipiga kelele hakuna itakayosikika. Nchi ipakwe rangi zilizofifia, za chai ya maziwa, majani makavu, mawe. Vipande vibaki na nyekundu, nyeusi na njano kali. Kosa la kawaida la ramani za Ayalandi ni kijani juu ya kijani juu ya kijani, kwa sababu kisiwa kinasifiwa kwa ukijani wake. Mwenye jeshi la kijani atalipoteza mezani kabla hajalipoteza vitani.

Isitoshe, michezo huchezwa usiku. Chini ya taa ndogo ya sola bluu na zambarau ni kitu kimoja. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya karibu mmoja kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na hali hiyo ipo kila mahali, kwa viwango tofauti. Ndiyo sababu kila kinachosemwa kwa rangi kisemwe mara ya pili kwa njia nyingine: majimbo yawe na michoro ya chini tofauti, mistari ya mlalo hapa, vitone pale, na mipaka ya majimbo iwe minene kuliko ya maeneo ya ndani. Jacques Bertin, Mfaransa aliyechapisha kitabu chake cha lugha ya michoro mwaka 1967, alieleza kwamba jicho hupanga ukubwa na ukolezi wa rangi kwa daraja, dogo kwa kubwa, hafifu kwa kolevu, lakini halipangi aina za rangi. Nyekundu si zaidi ya bluu. Eneo lenye thamani ya tatu lisionyeshwe kwa rangi ya tatu basi. Lionyeshwe kwa ng'ombe watatu, au kwa ngome iliyo kubwa zaidi.

Ukubwa wa maeneo huamuliwa na vipande. Askari mwenye kitako cha sentimita 1.5, wakiwa sita, pamoja na jina la mahali na alama moja, wanataka nafasi ya sentimita 7 kwa 6 hivi. Ubao wa sentimita 60 kwa 80 una sentimita za mraba 4,800; bahari, pambizo na jedwali la alama hula nusu. Kwa maeneo 25, kila moja linapata wastani wa 96, nafasi ya kupumua. Kwa maeneo 42 linapata 57, na kwa kuwa maeneo hayana umbo la sanduku, baadhi yatafurika na askari watasimama juu ya jina la jirani. Ayalandi ya kale inakadiriwa kuwa na falme ndogo, *túath*, zaidi ya mia. Anayetaka kuzichora zote afanye hivyo katika kitabu cha historia.

Sasa nakshi, jambo ambalo wengi hulianza nalo. Ukisema "ya Kikelti", fikra hukimbilia fundo lisilo na mwanzo wala mwisho, uzi ukipita juu na chini ya mwenzake. Fundo hilo kwa kiasi kikubwa ni sanaa ya nyumba za watawa kuanzia karne ya 7, na Waanglosaksoni nao waliitumia. Kilele chake ni Kitabu cha Kells, cha mwaka 800 hivi, kilichohifadhiwa Trinity College, Dublin. Wakelti wa kabla ya hapo, wale ambao vitu vyao viliopolewa La Tène kwenye Ziwa Neuchâtel huko Uswisi kuanzia mwaka 1857, walipenda mikunjo na duara zinazozunguka, zenye nafasi tupu nyingi kati yake. Tofauti hiyo si ya wataalamu peke yao. Fundo likitumiwa kama mpaka wa jimbo humlaghai mtazamaji, kwa maana kazi ya fundo ni kumzuia asijue ndani ni wapi na nje ni wapi, na kazi ya mpaka ni kinyume chake. Mkunjo wa La Tène unaweza kuishi ndani ya ramani, ukiwa mwepesi. Fundo likae ukingoni, kama nakshi ya bao ilivyo.

Mchezo wa Inis, uliobuniwa na Christian Martinez na kutolewa mwaka 2016, ulichukua njia nyingine. Hauna ubao mmoja. Nchi inajengwa kwa vigae vya maeneo, na kila kigae ni eneo moja. Hakuna mpaka wa kubishaniwa, kwani mpaka ni ukingo wa kigae chenyewe, na kidole kinaweza kuugusa. Picha ndani ya vigae ni nzito kiasi, na mtu angetamani zingekuwa tulivu zaidi, lakini swali la nani anapakana na nani halizuki, na hilo linasamehe mengi.

Kuna kitu cha Wakelti ambacho kinafaa ramani kuliko fundo lolote, nacho ni *crannóg*: kisiwa kilichotengenezwa na watu ndani ya ziwa, kwa mawe, magogo na matawi, kikafikiwa kwa mtumbwi au kwa njia nyembamba. Vipo Ayalandi na Uskoti. Kwenye ubao kinakuwa duara moja ndani ya maji lenye mlango mmoja, askari wawili wakikijaza. Mvuvi wa Vitshumbi angekielewa kabla ya kusomewa kanuni: mwenye kukishika anaona kila mtumbwi unaoondoka, na anayemzingira hana haja ya kumpiga, akimfungia ufuo inatosha. Alama yake iwe duara lenye vigingi, isifanane na ngome ya nchi kavu hata kidogo, na irudiwe ile ile katika kila ziwa. Mchoraji akianza kukipa kila *crannóg* nyumba yake na moshi wake, alama imegeuka picha, na picha husomwa moja moja.

Mchoro ukishakamilika hujaribiwa kwa njia zisizogharimu. Unatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe. Kinachopotea kilitegemea rangi peke yake. Unatazamwa kwa hatua tatu. Majina yasiyosomeka ni madogo. Unageuzwa juu chini, kwa kuwa wachezaji wanne hawakai upande mmoja wa meza. Alama zisizotambulika zikigeuzwa zinachorwa upya, na majina yaandikwe mlalo badala ya kufuata mkunjo wa milima. Taa inazimwa, inawashwa tochi ya simu, na mtu ambaye hajawahi kuuona anaulizwa jeshi la Connachta linaweza kufika wapi kwa hatua mbili. Muda anaochukua kujibu uhesabiwe, na jibu lenyewe lisisahihishwe mapema.

Jaribio la mwisho hufanywa baada ya mchezo. Ubao unafunikwa, wachezaji wanapewa penseli na karatasi tupu, na kila mmoja anachora maeneo na njia anazozikumbuka. Hakuna atakayepata ufuo sawasawa. Lakini mahali ambapo watatu kati ya wanne wamesahau kivuko kile kile, au wameunganisha Laighin na Connachta wakati Midhe iko katikati, ndipo ubao unaporudi mezani kwa mchoraji, na kalamu yake inaanzia hapo.